Kuondoa weusi kwenye mrashi wa fedha ya kuchovya bila kuila fedha yenyewe

Kuelekea Idi, mirashi na masinia hushushwa kabatini, na vingi huwa vimepiga weusi. Mama mmoja aliniletea mrashi alioachiwa na bibi yake. Alikuwa ameusugua kwa majivu na ndimu, kama tunavyosugua shaba. Tumbo la mrashi lilibaki manjano tupu. Fedha ilionekana shingoni na ndani ya nakshi tu. Iliniuma, maana weusi ule ungetoka kwa dakika 5 bila kukwaruza chochote.

Hatua ya 1: Kijue chombo chako. Kipindue usome kitako. 925 ni fedha halisi, sehemu 925 katika 1,000. EPNS ni ya kuchovya: ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, juu ni fedha iliyoshikishwa kwa umeme. Akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, waliipatia kazi hii hataza mwaka 1840. Chombo huning'inizwa kwenye maji yenye chumvi ya fedha na sianidi, umeme ukapita, fedha ikahama kutoka kwenye bamba lake na kuganda juu ya chombo. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele. Ukishautoa, dawa ni kuchovya upya kwa fundi. Usijaribu nyumbani, sianidi inaua.

Kama hakuna alama, tazama kingo na mahali panaposhikwa sana. Ukiona manjano au wekundu unachungulia, ni ya kuchovya.

Hatua ya 2: Tenga visivyozamishwa. Vipini vya mti, mawe yaliyogundishwa, vinara vya mishumaa vilivyojazwa lami ndani: hivi vifute kwa kitambaa laini tu.

Hatua ya 3: Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Mrashi ufungue kichwa, umwage marashi yaliyolala ndani.

Hatua ya 4: Tandaza foili ya alumini ndani ya beseni, ulaze chombo juu yake. Lazima kiguse foili. Wengi hukosea hapa, kisha wanasema njia hii haifanyi kazi. Nyunyiza bikaboneti, ile soda ya kupikia, vijiko 4 vya chakula kwa kila lita ya maji, halafu mimina maji yanayotokota. Fungua madirisha, kwa sababu itatoka harufu ya mayai viza. Weusi ule ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani. Alumini inaipokonya salfa, na fedha inabaki palepale ilipokuwa. Ukisugua, unaondoka na vyote viwili.

Geuza chombo baada ya dakika 2. Kama bado kuna madoa, badilisha foili na maji, urudie.

Hatua ya 5: Suuza, kausha papo hapo kwa kitambaa cha pamba. Mrashi usimamishe kichwa chini mpaka ukauke ndani.

Jambo moja nalisisitiza kwa wateja wangu: beseni hili huondoa hata weusi wa kwenye mifereji ya nakshi, na maua yakapoteza kina. Kwa chombo chenye nakshi nzito, mimi hutumia kitambaa peke yake, nikauacha weusi wa chini.

Ukihifadhi, funga kwa kitambaa cha pamba, kamwe usifunge kwa mpira. Mpira una salfa, na utakuachia mstari mweusi.