Kompyuta ya mezani juu ya betri ya gari

Piga hesabu kabla hujanunua hata waya. Sipiyu, yaani boksi la kompyuta, ya kawaida ya ofisini, isiyo na kadi kubwa ya michezo, hula wati 60 hadi 80 ikiwa kazini. Monita bapa ya inchi 19 hula 20 hadi 30. Wati 300 zilizoandikwa kwenye pawasaplai, kile kifaa cha umeme ndani ya boksi hilo, ni uwezo wake wa juu, si matumizi. Tuseme jumla ni 95. Inveta, kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa umeme wa volti 230 kama wa ukutani, hupoteza kama asilimia 15 njiani, kwa hiyo betri inatoa wati 112. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 9 na ushee. Ziite 10.

Betri ya gari ya N70 ina ampea-saa 70 (kipimo cha chaji: ampea mara saa), na wengi hugawa 70 kwa 10 wakajihesabia saa saba. Hawazipati. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini; sahani zake ni nyembamba, na ukiimaliza chaji mara kadhaa zinaharibika. Tumia theluthi moja tu ya chaji: hizo ni kama saa mbili. Ukitaka saa nne kila siku, acha ya gari, nunua betri ya sola ya ampea-saa 100.

Inveta iwe ya wati 300 za kudumu. Usidanganywe na namba kubwa iliyopakwa juu ya boksi, mara nyingi hiyo ni ya kufumba na kufumbua. Chagua ya wimbi safi, iliyoandikwa "pure sine wave". Zile za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi, na pawasaplai nyingi za kisasa huzikataa: zinanguruma, au sipiyu inajizima na kujiwasha yenyewe.

Kinachowaangusha wengi ni waya. Kwenye volti 12, inveta hiyo ikibeba mzigo wote huvuta karibu ampea 30, na waya mwembamba wa taa hupata moto na kula volti. Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 6, usiozidi mita moja na nusu, wenye lagi (vichwa vya chuma vyenye tundu) zilizobanwa na kufungwa kwa bolti. Vibano vya meno hulegea. Kama kompyuta iko mbali, iache inveta karibu na betri na urefushe upande wa volti 230. Huko kompyuta inavuta nusu ampea tu, ekstensheni ya kawaida inatosha.

Fyuzi ya ampea 40 ikae kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Waya zikigusana bila fyuzi, betri inamwaga mamia ya ampea na ganda la waya linawaka.

Vua pete na saa. Inveta ikiwa imezimwa, funga waya zote mbili upande wa inveta kwanza, kisha chanya ya betri, mwisho hasi. Cheche ndogo hapo ni kawaida. Ukigeuza chanya na hasi, inveta nyingi zinakufa papo hapo. Washa inveta bila mzigo, halafu monita, halafu sipiyu. Printa ya leza isiguse inveta hii, maana kipasha joto chake kinaweza kuvuta mamia ya wati. Na usiingize umeme wa inveta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi dume pande zote. Umeme huo unaweza kurudi kwenye nyaya za mtaa na kumuua fundi aliye kwenye nguzo.

Weka maltimita, kipima volti, kwenye betri wakati kompyuta inafanya kazi. Ikisoma volti 12.0, hifadhi kazi na uzime. Usingoje inveta ikukatie: nyingi hukata karibu na 10.5, na hapo betri imeshaumia.

Inveta ikipiga kelele ilhali betri inaonekana nzima, pima sehemu mbili chini ya mzigo. Betri ikisoma 12.4 na pale waya zinapoingia kwenye inveta 11.5, volti zimeliwa na waya au vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, yasiingie kwenye seli, kisha kausha na upake grisi.

Chaji siku hiyo hiyo kwa chaja ya ampea 7 hadi 10, mahali penye hewa na mbali na moto, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Ukichaji huku kompyuta inavuta ampea 10, betri haiongezeki kitu. Kwenye betri yenye vifuniko, ongeza maji ya betri baada ya kuchaji, si kabla, kwani yakichemka hupanda na kufurika. Ila kama sahani ziko wazi, zifunike kidogo kwanza. Tindikali usiongeze, wala maji ya bomba.