Somo: Kufunga mota ya volti tofauti kwenye treadmili iliyounguza mota

Mashine nyingi za kukimbilia zinazotumika Unguja na Pemba ni za mtumba, na mota inapoungua ni tabu kuipata nyengine ya aina ile ile. Fundi huishia kuletewa, iwe kutoka Darajani au Dar es Salaam, mota yenye kibandiko cha volti 130 ilhali ya zamani ilikuwa ya volti 180. Kazi hii inawezekana, lakini hesabu itangulie bisibisi, kwa sababu kinachoamua si ile volti iliyoandikwa peke yake, bali ni mizunguko ambayo mota hutoa kwa kila volti moja na ampea ambazo bodi, yaani saketi inayoipa mota umeme, inaweza kuzistahamili.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kuwa mota ndiyo iliyokufa. Chomoa plagi ukutani na usubiri, kwani umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa kuwa DC (umeme wa upande mmoja) ndani ya bodi hufikia takriban volti 325, na kapasita, kifaa cha kuweka chaji, huweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kutoka. Ipime kwa mita kabla ya kuigusa. Kisha chomoa nyaya mbili za mota na uiunge na betri ya gari. Mota ya sumaku ya kudumu iliyo nzima itazunguka taratibu kwa volti 12. Isipozunguka, toa kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, uzitazame kabla ya kuihukumu, maana mara nyingine zimeisha tu au zimekwama kwa kutu ya hewa ya bahari.

Bodi nayo ipimwe. Funga bulbu ya wati 100 ya volti 240 mahali pa mota na uiwashe mashine: bulbu ikiwaka kwa nguvu zote papo hapo, badala ya mwanga kupanda kidogo kidogo, transista ya bodi, ile inayopunguza na kuongeza umeme wa mota, imekufa, na mota yoyote utakayoifunga itafyatuka kwa mwendo wote huku mtu amesimama juu. Mashine ya namna hiyo haifai kumkabidhi mtu hadi bodi itengenezwe.

Tafuta pia kilichoiunguza mota. Mara nyingi ni mkanda wa kukimbilia uliokauka silikoni na kujaa vumbi la mchanga, ukawa unakwaruza ubao. Ondoa mkanda mdogo wa mota, usukume mkanda mkubwa kwa mkono. Ukiwa mzito, safisha na upake silikoni kwanza, la sivyo mota mpya itafuata njia ya mwenziwe.

Hatua ya pili ni hesabu, nayo ndiyo roho ya somo. Tuseme kibandiko cha mota ya zamani kinasoma volti 180 na mizunguko 5000 kwa dakika. Hiyo ni takriban mizunguko 28 kwa kila volti. Mota mpya ni ya volti 130 na mizunguko 6500, yaani 50 kwa kila volti. Bodi yenye sensa ya mwendo, ile inayosoma kisumaku kilichobandikwa kwenye puli ya rola ya mbele, itaishia volti 100 tu ili kufikia mizunguko 5000, na fundi atadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mota inayozunguka zaidi kwa kila volti hutoa msokoto (nguvu ya kuzungusha) mdogo kwa kila ampea, kwa hiyo mzigo uliokuwa ukila ampea 6 sasa utakula karibu 11, na bodi ya ampea 8 itajizima au itaungua. Bodi isiyo na sensa ina hatari kubwa zaidi: ikitoa volti 180 kwa mota hiyo, mkanda utakwenda mara 1.8 ya mwendo uliokusudiwa.

Hatua ya tatu ni ufungaji. Linganisha unene wa shafti, matundu ya kufungia na mifereji ya puli. Angalia sana upande wa kuzunguka. Ni kweli kwamba kubadilishana nyaya mbili hugeuza mzunguko, lakini gurudumu zito la mota nyingi hukazwa kwa uzi wa skrubu unaojikaza kwa upande mmoja tu. Mota ikizungushwa kinyume, gurudumu linaweza kujifungua likiwa kwenye mwendo mkali. Rudisha waya wa ardhi kwenye fremu, na usiuache ukining'inia.

Jaribio la mwanzo lifanywe bila mtu juu, ufunguo wa usalama ukiwa mkononi. Chora alama ya chaki kwenye mkanda na uhesabu: mkanda wenye urefu wa mita 2.8, kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, upite takriban mara 36 kwa dakika. Kisha mtu asimame, nawe upime ampea za DC kwa mita ya klampu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Wete: Assalaam alaykum maalim. Nina mashine ya Marekani ya volti 120 yenye mota ya volti 90. Nikifunga mota ya volti 180, naweza kuichomeka moja kwa moja ukutani?

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Hapana. Bodi hiyo imeundwa kwa takriban volti 170 za DC, na ukiipa 325 kapasita zake zitapasuka. Hata mota ndogo ya kuinua mashine ni ya volti 120. Tumia transfoma ya kushusha umeme iliyotengenezwa kwa hezi 50 na yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye mashine, kisha utafute mota ya volti 90.

Mwanachama wa Chake Chake: Yangu ya volti 130 inakwenda vizuri ikiwa tupu, akipanda mtu mzito inazima.

Jibu: Bodi inajikinga na ampea. Weka puli ndogo kwenye mota: kwa mfano wetu, puli ya milimita 40 iwe ya 31, mota ipate kuzunguka 6500 kwa mwendo ule ule wa mkanda. Ampea zitashuka kutoka karibu 11 hadi 8.3, ambazo bado ni nyingi kwa bodi ya ampea 8, basi utafute bodi yenye uwezo zaidi.

Bibie wa Mwanakwerekwe: Mimi nimepata ya volti 220, nayo ni ya mizunguko 5000. Nina ukumbi wa mazoezi wa akina mama, wengi hutembea tu.

Jibu: Ichukue, dada yangu. Kwa bodi isiyozidi volti 180 itaishia karibu mizunguko 4100, basi mashine ya kilomita 14 kwa saa itafika 11 na kitu, na ampea zitapungua. Mtumiaji akilazimisha mwendo wa juu, bodi inaweza kuonesha kosa; waambie wasipite 10.

Mwanachama wa Mkoani: Je, mota ya zamani haiwezi kusukwa upya?

Jibu: Inawezekana iwapo sumaku hazijapasuka na komuteta, ile shaba inayosuguana na kaboni, haijaliwa sana. Mwambie msukaji ahesabu mizunguko ya waya wa zamani na arudishe unene ule ule, kisha rota, yaani sehemu inayozunguka, isawazishwe uzito kabla ya kurudishwa, kwani mtikisiko kwa mizunguko 5000 humaliza beringi upesi.