Jinsi ya kutoa waksi na polishi kwenye bodi ya gari kabla ya kupiga rangi

Wadau, hii ni kwa yeyote anayetaka kupiga rangi mlango, boneti au bampa, au anataka kuweka waksi mpya kwenye bodi ambayo imepakwa vitu miaka na miaka. Gari zetu nyingi ni mtumba kutoka Japani, zinashuka bandarini zinang'aa, na kwenye huo mng'ao mara nyingi kuna polishi yenye silikoni, halafu kila wiki zikienda kuoshwa wanapakaa nyingine juu yake. Sasa ukipuliza rangi juu ya silikoni rangi inakimbia, yani unaona vijishimo vya mviringo vinafunguka hapo hapo kabla hata hujaweka bunduki ya kupulizia chini, na ndani ya kila kishimo unaiona praima (rangi ya msingi ya chini). Koti la pili halizibi, linakimbia pale pale. Inabidi usubiri ikauke, upige msasa, uanze upya, na rangi ya mteja imeshaliwa bure.

Vya kuandaa: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndoo mbili, waksi rimuva, yani dawa ya kutoa waksi, kutoka duka la rangi za magari (ukikosa, isopropanoli ile safi, ambayo ni aina ya spiriti, uchanganye nusu kwa nusu na maji), vitambaa vingi visafi visivyotoa nyuzi, na glovu. Hapa naomba msikilize: spiriti ya duka la dawa soma kwanza lebo, nyingine zinawekewa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, sasa ukipaka hiyo kwenye bodi utakuwa unatoa mafuta unaweka mafuta. Petroli, dizeli na mafuta ya taa acha kabisa, zinabakiza utando wa mafuta, na petroli ni moto unaosubiri cheche. Thina nayo hapana, inalainisha rangi, na kama gari ilishawahi kurudiwa rangi za bei rahisi unaweza kuishusha mpaka kwenye puti (ile ya kuzibia mabonde ya bodi).

Hatua ya 1: jaribu sehemu iliyofichika
Fungua kifuniko cha tenki la mafuta, lowesha kitambaa cheupe kidogo kwa dawa hiyo, sugua kwa ndani. Kikitoka na rangi ya gari ujue hapo hakuna klia (lile koti la juu lisilo na rangi) au rangi haijakomaa, basi usisugue kwa nguvu na usikae sana sehemu moja. Kama ndio imetoka gereji kupigwa rangi juzi tu, iache kwanza ikomae.

Hatua ya 2: osha
Kivulini, bodi ikiwa ya baridi, gari iliyotoka juani subiri ipoe. Anza juu kwenye paa ushuke chini, ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa ili mchanga usirudi kwenye bodi ukaichora. Wengi wanaishia hapa wakidhani sabuni ya vyombo imemaliza kazi, wakati inatoa vumbi na sehemu tu ya waksi ya juu, silikoni na zile waksi za kisasa zinabaki zimekaa vizuri tu. Suuza kwa maji mengi na ukaushe mpaka kwenye maungio ya milango, maana maji yaliyojificha pale yatachuruzika wakati unapulizia.

Hatua ya 3: toa waksi yenyewe
Kazi yote iko hapa. Shika vitambaa viwili, mkono mmoja wenye dawa, mwingine mkavu. Chukua eneo dogo, upana wa kama karatasi mbili za A4, pitisha chenye dawa mpaka paloe vizuri, halafu fasta pitisha kikavu kabla dawa haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, dawa inaruka hewani na waksi iliyoyeyuka inakaa tena pale pale, umeihamisha tu haijaondoka. Kila eneo geuza kitambaa upande msafi, pande zikiisha tupa chukua kingine, usione hasara. Rudia mara mbili, na kwenye mishikio ya milango, chini ya mpira wa dirisha na ukingo wa boneti rudia tena kwa sababu polishi inajazana huko na vidole havifiki vizuri. Plastiki nyeusi zilizopauka kwa waksi zisugue kwa brashi laini yenye dawa hiyo hiyo.

Yote haya fanya kabla ya msasa. Ukitangulia msasa unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo, na huko kuitoa ni shughuli.

Hatua ya 4: jaribu kwa maji
Nyunyizia maji safi. Yakijikusanya vidonge vidonge vya duara na kuteleza, waksi bado ipo, rudi hatua ya 3. Yakitandaa kama shuka, iko poa. Ila povu la sabuni likibaki nalo linafanya maji yatandae, ndio maana nimesisitiza kusuuza.

Mwambie mteja mapema kwamba mikwaruzo itaonekana zaidi, hasa gari nyeusi, kwa sababu polishi ina mafuta yanayojaza mikwaruzo na sasa umeyatoa. Usipomwambia atasema wewe ndio umechora gari yake. Na kama gari ilipakwa seramiki (ile kinga ngumu ya juu ya rangi), hii njia haitoi, seramiki inatolewa kwa mashine ya kupolishi au msasa.

Hatua ya 5: msasa, halafu dawa tena
Kama unapiga rangi, piga msasa, puliza vumbi, pitisha vitambaa viwili mara ya mwisho. Kuanzia hapo usiguse bodi kwa mkono mtupu, jasho lina mafuta, na asiwepo mtu anayepuliza spreya ya kung'arisha dashibodi au matairi karibu, ule ukungu una silikoni na unasafiri. Vitambaa vilivyotumika vitandaze nje vikauke mbali na moto, usivirundike. Dawa ikishakauka, pitisha kitambaa chenye gundi cha kuokota vumbi kisha puliza siku hiyo hiyo, na kwa anayeweka waksi mpya naye apake siku hiyo hiyo, bodi isilale wazi.