Foleni ndefu kibandani: piga hesabu kabla hujaajiri mtu

Habari zenu wafanyabiashara wenzangu, wa Busia, Tororo, Mbale na kokote mliko huku Uganda. Wengi mmekuwa mnaniuliza kuhusu foleni, hasa wenye vibanda vya mobaili mani na wale wa rolex (chapati za mayai) za jioni, na jibu ambalo kila mtu analo mdomoni ni "ongeza mfanyakazi". Mi nasema ngoja kwanza. Mshahara unatoka kila mwezi hata siku ambazo hakuna kastoma, na mara nyingi hata ukiongeza huyo mtu foleni inabaki palepale kwa sababu hukujua inatoka wapi.

Hatua ya 1: Daftari na saa

Kaa pembeni na daftari, andika kastoma amefika saa ngapi, ameanza kuhudumiwa saa ngapi, ametoka saa ngapi. Fanya wiki nzima maana siku ya soko haifanani na siku nyingine, na wiki ya kufungua shule watu wanafurika kutuma fizi za watoto. Andika na wale wanaofika, wanaangalia mstari, wanaendelea na safari zao. Hao usipowaandika wewe hakuna atakayekwambia, na ndio hela yako inayoenda kwa jirani.

Usichanganye siku nzima ukatoa wastani mmoja. Saa nne asubuhi wanaweza kuja watatu tu, saa kumi na mbili jioni wakaja ishirini, sasa ukigawanya utaona kila kitu kiko shwari wakati jioni watu wanakukimbia.

Hatua ya 2: Angalia umejaa kiasi gani

Hapa naomba msome polepole. Tuseme ajenti wako anatumia dakika 3 kwa kila kastoma, yaani kwa saa anaweza watu 20. Wakija 10 kwa saa, mtu anakaa pale kama dakika 6 kwa wastani, kusubiri na kuhudumiwa vyote pamoja. Wakija 16 inakuwa dakika 15. Wakija 18, nusu saa. Wakija 19, saa nzima! Mtu mmoja tu ameongezeka na muda umeruka mara mbili. Wakifika 20 kwa saa foleni haiishi kabisa, inazidi kukua tu mpaka watu wachoke waondoke.

Hesabu hizo ni za pale ambapo watu wanakuja bila mpangilio na huduma zao hazilingani, huyu anatoa elfu kumi, yule ana milioni mbili za kuhesabu noti moja moja, na ndivyo vibanda vyetu vilivyo. Zinatokana na kazi aliyoianza Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, akatoa andiko lake kuhusu simu zinavyoingia mwaka 1909. Kwa hiyo bosi anayefurahi kumuona mfanyakazi hapumui kutwa nzima ajue anachofurahia ni foleni yenyewe. Mi nashauri saa za kawaida usipite watu 16 kati ya hao 20.

Hatua ya 3: Mwambie mtu atasubiri muda gani

Hii ni rahisi. Hesabu walio mbele yake, gawanya kwa idadi mnayohudumia kwa saa. Wako 10 na mnahudumia 20 kwa saa, basi ni nusu saa. Kuna Mmarekani anaitwa John Little alithibitisha kanuni ya namna hii mwaka 1961 na bado inatumika viwandani na hospitalini. Mtu akiambiwa "nusu saa mama, nenda sokoni urudi" anatulia, asiyeambiwa kitu ndio anaanza kugonga kaunta.

Hatua ya 4: Tafuta panapobana

Mwangalie muuza rolex. Ana sigiri moja, kikaango kimoja, na kijana wa kukata nyanya, vitunguu na kabeji. Kastoma akiagiza, chapati inakaangwa dakika 2, halafu mayai yanapigwa kwenye kikombe, yanamwagwa palepale, chapati inalazwa juu, inageuzwa, dakika 2 nyingine. Kwa hiyo kikaango kinatoa rolex 15 kwa saa, na hata ulete vijana watano wa kukata kabeji zitabaki 15. Sasa akizikaanga chapati zote saa kumi jioni wakati hakuna watu, akazifunika vizuri, usiku kikaango kinabaki na kazi ya mayai tu, dakika 2 kila mtu, rolex 30 kwa saa. Kikaango ni kilekile, mshahara haujaongezeka hata shilingi.

Kwenye mobaili mani mara nyingi panapobana ni floti (hela iliyo kwenye simu ya ajenti) au keshi. Ajenti yupo, kastoma yupo, hela ya kumpa ndio hakuna. Panga floti asubuhi.

Hatua ya 5: Mstari mmoja

Mkiwa na madirisha mawili yanayofanya kazi ileile, wekeni mstari mmoja, wa mbele anaenda kwa aliye wazi. Kastoma mwenye shida ndefu anaziba dirisha moja, wengine wanaendelea na lile jingine. Wenye mambo marefu kama kusajili laini wapangie saa zao za asubuhi.

Maswali ya wanachama

*Dada wa saluni, Mbale: Kastoma wangu wote wanakuja Jumamosi, katikati ya wiki nakaa tu. Nifanyeje?*

Dada, wapunguzie bei kidogo wa Jumanne na Jumatano, na wa Jumamosi wabuku kwa simu wakiacha hela kidogo ya kushikilia nafasi. Ila usibuku viti vyote, acha kimoja cha wanaojitokea tu.

*Kaka wa mobaili mani, Malaba: Netiweki ikikatika dakika 20 tu, mbona foleni inanisumbua mpaka jioni?*

Swali zuri sana hili. Kama wanakuja 18 kwa saa na uwezo wako ni 20, dakika 20 zinakuachia watu 6 wa ziada, na nafasi uliyonayo ni watu 2 tu kwa saa. Hapo utahitaji masaa 3 kuwamaliza! Wangekuwa wanakuja 16, ni kama saa moja na dakika 20. Ikikatika wape namba kwenye vikaratasi, waende, ikirudi unaendelea na namba.

*Mama wa duka la dawa, Arua: Wazee na wajawazito niwapitishe mbele? Wengine wananuna.*

Wapitishe mama, na uandike ukutani kwa maandishi makubwa ili kila anayeingia aone. Kinachowaudhi watu ni yule rafiki yako anayezunguka mlango wa nyuma, huyo naye apange mstari.