Jinsi ya Kufundisha Maisha ya Edward Hyde Darasani Tabora

Ukifundisha historia hapa Tabora, ambako wanafunzi wanamjua Mtemi Mirambo kuliko mfalme yeyote wa Uingereza, usianze na kuzaliwa kwa Edward Hyde, mwanasheria na mwanasiasa wa Uingereza, mwaka 1609. Anza na mwaka 1640, mwanasheria huyo alipoingia bungeni na kukosoa utawala wa Mfalme Charles I, kisha uliza kwa nini mtu huyohuyo alikuwa upande wa mfalme vita kati ya mfalme na Bunge vilipoanza mwaka 1642. Hapo usiharakishe, maana ndipo penye utamu: Hyde aliona kuwa Bunge nalo limevuka mipaka ya sheria. Ndoa ya binti yake Anne na James, mdogo wake Charles II, itaje kwa kifupi. Malizia na mwaka 1667, Charles II, mwana wa Charles I ambaye Hyde alimtumikia uhamishoni, alipomvua ukansela, cheo cha juu serikalini. Hyde alikimbilia Ufaransa, akafia Rouen mwaka 1674.