Somo: Safari ya siku moja kutoka Mombasa (anza na maji, gari baadaye)

Kila wiki swali ni lile lile: "Wasini twende lini?" Jibu zima ni hili. Ukimaliza kulisoma, uliza.

1. Chagua upande. Kusini kuna Shimoni, kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite iliyo karibu nacho. Kaskazini kuna magofu ya Gede na ghuba ya Mida. Bara kuna hifadhi ya Shimba Hills.

2. Lipia hifadhi za KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kuondoka nyumbani. Langoni hawapokei pesa taslimu.

3. Soma maji. Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Siku za bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapopevuka, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji Mombasa hupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wiki moja baadaye ni maji mafu: yanajaa karibu saa nne asubuhi, na tofauti ni kama mita 1 tu.

Kwa Kisite mnataka bamvu. Maji yakipwa, fungu la mchanga linatokeza, matumbawe yanakuwa karibu na miwani ya kupigia mbizi, na mkondo unatulia kwa muda. Kwa hiyo boti iwe imeondoka Shimoni saa tatu kasorobo. Mkiondoka saa tano mtakuta maji yanarudi, fungu linamezwa na mkondo unavuta.

Tahadhari mbili. Jedwali la maji kujaa na kupwa likiandika 10:12 ni saa nne na dakika kumi na mbili, si saa kumi. Tena hakikisha limeandikwa kwa saa za Afrika Mashariki: lililo kwa saa za Greenwich liko nyuma saa tatu nzima, na saa tatu ndiyo nusu ya safari ya maji kutoka kupwa hadi kujaa.

4. Sasa gari. Likoni muwe mmevuka feri saa kumi na moja na nusu alfajiri. Panda matatu ya Lunga Lunga, shuka njia panda ya Shimoni, halafu bodaboda kama kilomita 15. Wenye gari wakiepuka feri wapite Dongo Kundu.

5. Kagua jaketi za kuokolea kabla ya kulipa boti. Vuta kila mkanda, funga kila kifungo. Jaketi ya mtoto iwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Bila huo, akianguka majini jaketi hupanda juu naye akabaki chini.

MASWALI

Swali: Jumapili hii Wasini iko sawa?
Jibu: Hatua ya 3. Angalia mwezi.

Swali: Mbona hujaweka bei? Somo halijakamilika.
Jibu: Ada za raia, mkaazi na mgeni ni tofauti, na hubadilishwa. Nikiandika leo, mtu atanilaumu mwakani. eCitizen inakuonyesha ya siku hiyo.

Swali: Samahani mwalimu, kwa nini bamvu hurudi saa zile zile kila mara?
Jibu: Swali zuri, dada. Maji hufuata mwezi, nao huchelewa kama dakika 50 kila siku. Bamvu huja jua na mwezi vikivuta kwenye mstari mmoja, basi mwezi unakuwa mahali pale pale ukilinganisha na jua, na saa ya maji inajirudia. Ukishika hili unapanga mwezi mzima bila jedwali: bamvu, asubuhi Kisite, au Gede asubuhi, kisha Mida kuanzia saa nane, maji yakipanda na kuwasukuma ndege karibu na daraja la mbao.

Swali: Na wiki ya maji mafu tukae nyumbani?
Jibu: Hapana, nendeni Shimba Hills. Ndiko pekee nchini Kenya utakakoona palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda. Maporomoko ya Sheldrick, mita 21, mnashuka kwa miguu pamoja na askari. Bebeni maji ya kunywa. Kupanda kurudi kunachosha kuliko kushuka.

Swali: Kusi la mwezi wa saba je?
Jibu: Bahari inachafuka hata bamvu likiwa zuri. Subirini kaskazi, kuanzia Desemba, maji ni maangavu.

Swali: Viatu?
Jibu: Vya plastiki vyenye mkanda nyuma. Kandambili hubaki mchangani.