Namna ya kurekodi kumbukumbu za mzee aliyekulia Mji wa Kale wa Lamu

Swali lisilofaa kuanzia ni "Lamu ya zamani ilikuwaje?" Utajibiwa kwamba zamani kulikuwa na heshima na siku hizi hakuna, na mazungumzo yataishia hapo. Mzee hadanganyi, ila umemuuliza mji mzima kwa mpigo mmoja. Muulize nyumba moja na njia moja: nyumba aliyolelewa, na njia aliyopita kwenda chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani.

Kwenye nyumba ingia naye kama mgeni. Anza na daka, kibaraza cha mlangoni: nani alikaa pale jioni, upande gani? Kisha tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), kiwanda (ua wa katikati), misana (vyumba virefu vinavyofuata ua), hadi ndani. Uliza kila kidaka, yaani kishubaka cha ukutani, kilikuwa na nini. Uliza birika, tangi la maji la nyumbani: maji yalitoka kisima gani, na kama mlikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Vitu vidogo kama hivi ndivyo vinavyovuta watu: akikumbuka bakuli, atamkumbuka aliyelishika. Usiruke nyumba kati, chumba cha nyuma kabisa. Humo watoto walizaliwa na maiti walioshwa, na mara nyingi habari ya msiba hutoka yenyewe ukifika hapo, bila wewe kuitafuta.

Kama nyumba bado imesimama, au umebaki ukuta tu, nenda ukapime. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba, kwa kawaida havifiki mita 3 kwa upana, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari zito la mawe na chokaa kwa umbali mkubwa kuliko huo. Mtu aliyeondoka akiwa mtoto atakuambia chumba kilikuwa kikubwa mno. Andika alivyosema, kisha andika kipimo pembeni. Usifute kimoja kwa ajili ya kingine.

Njia iandikeni kwa miguu kama mzee anaweza kutembea. Chukueni kipande kimoja tu cha Usita wa Mui, njia kuu ya mji, au kichochoro kimoja cha mtaa wa Mkomani au Langoni, na dakika 40 zatosha. Kila mlango uliza mambo matatu: nani alikaa, walikwenda wapi, nani yumo sasa. Hapo ndipo utaona mji ulivyobadilika: nyumba iliyouzwa kwa mgeni, iliyogeuzwa ya kulala watalii, iliyoanguka paa ikabaki kuwa jaa. Asiyeweza kutembea mchoree njia kwenye karatasi kubwa, umwachie kalamu yeye.

Miaka itawasumbua. Wazee wengi hawakumbuki tarehe, wanakumbuka kilichokuwapo. Kwa hiyo tengeneza orodha ya matukio yenye mwaka unaojulikana, umpime nayo. Je, ilikuwa kabla ya Uhuru, Desemba 1963? Ngome ilikuwa bado gereza? Wafungwa waliondolewa 1984. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikuwa zimeshapita? Mji ulikuwa umeshaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, 2001? Bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ilikuwa imeanza kujengwa? Kwa wavuvi swali hili la mwisho lina uzito wake: waombe majina ya sehemu walizokuwa wakitega na wasizozifikia tena, moja moja, kwa sababu majina hayo hayamo katika ramani nyingi.

Akisema mwezi, uliza ni wa kalenda gani. Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi, na kila mwaka husogea nyuma siku 10 au 11 katika kalenda ya miladi. Umri nao hivyo hivyo: miaka 70 ya hijria ni kama 68 ya miladi. Wengi hukosea hapa, halafu wanadhani mzee amechanganyikiwa. Uliza pia ilikuwa kaskazi au kusi. Kwa mtu wa bahari jibu hilo huwa sahihi kuliko mwaka.

Kuhusu sauti, nenda kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Alasiri wageni huingia na kutoka, na adhana hukatiza mazungumzo. Kaeni chumba kisichotazama barabara, maana shehena za punda na kelele za pikipiki huingia moja kwa moja kwenye rekodi. Zima feni. Weka simu katika hali ya ndegeni, uilaze juu ya leso iliyokunjwa ili isidake vishindo vya meza, umbali wa shibiri moja hadi mbili kutoka kinywani mwa msemaji. Jaribu dakika moja, usikilize, ndipo uanze. Rekodi ya kawaida ya m4a hula kama MB 1 kwa dakika; ya WAV ya mkondo mmoja hula kama MB 5, kwa hiyo angalia nafasi kabla. Usizidishe dakika 45 kwa kikao.

Ukishasema sabalkheri na kujuliana hali, omba ruhusa rekodi ikiwa imeshawashwa: ni ya nini, nani ataisikia, na kwamba anaweza kusema "hili lifute". Akisema lifute, lifute mbele yake. Kina mama wafuatwe na mwanamke, na mjane aliye edani aachwe hadi miezi minne na siku kumi ziishe. Nasaba usiichokonoe. Utumwa ulikomeshwa kisheria pwani yetu mwaka 1907, lakini swali la "asili yenu wapi?" bado linaweza kumvunjia mtu heshima mbele ya wajukuu wake.

Akilia, usibadilishe mada haraka. Nyamaza, ngoja, acha simu iendelee ila kama mwenyewe atataka izimwe. Kumkatiza ili kumfariji ni kumwambia kwamba hayo hayasemwi.

Picha za zamani zilizogandia kioo usizibandue: unyevu wa bahari umeziunganisha na kioo, na uso wa picha utabaki huko. Zipige zikiwa ndani ya fremu, kwa mwanga wa dirishani, bila flashi, ukishika kitambaa cheusi nyuma yako kuzuia mwako. Nyuma ya picha huru andika majina kwa penseli laini, si kalamu ya wino. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora.

Kunakili saa moja ya sauti huchukua saa tano au zaidi. Andika Kiamu, lahaja ya Lamu, kama kilivyosemwa: "ndia" (njia) ibaki "ndia". Hifadhi nakala tatu, moja nje ya kisiwa, labda kwa jamaa Mombasa. Kisha chapisha kwa maandishi makubwa, umsomee mzee yote. Masahihisho yake yaandike kwa rangi nyingine bila kufuta ya kwanza, na kama nduguye anakumbuka vingine, mpe naye ukurasa wake.